Mafuta ya Ubani: Tunuse, Tusinywe

Ndugu msomaji, nimeshika kalamu kuandika juu ya kitu ambacho siku hizi wengi wetu tunakikimbilia kila tunapojihisi vibaya. Kitu chenyewe ni kichupa kidogo cha rangi ya kahawia, hakizidi kidole gumba kwa urefu, na ndani yake mna mafuta ya ubani.

Mnajua wenyewe mambo yalivyo. Muhula unapofunguliwa na masanduku yakapekuliwa langoni, vichupa hivi hupita salama salimini kwa sababu hakuna sheria inayovitaja. Vikishafika bwenini vinageuka kuwa hospitali nzima. Anayeumwa na kichwa anapaka. Mwenye chunusi anapaka. Aliyekosa usingizi anapaka kwenye mto. Mwenye hofu ya mtihani wa hisabati anapaka puani, halafu anaongeza tone moja kwenye kikombe cha chai, ati linafungua akili! Na wapo wafanyabiashara wetu hodari wanaouza kwa tone, wakihesabu kama karani wa benki.

Kwa upande mwingine, kuna minong'ono kwamba utawala wa shule unafikiria kupiga marufuku vichupa hivi vyote. Basi shule imegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema mafuta haya ni dawa ya kila kitu na yaachwe huru. Kundi la pili linasema ni sumu na yatupwe jaani. Mimi nasema makundi yote mawili yamepotea njia. Mafuta ya ubani yana nafasi yake, nayo ni nafasi ya harufu njema inayotumiwa kwa kipimo. Hayana nafasi tumboni, wala hayawezi kukalia kiti cha daktari. Hebu nieleze sababu zangu, kisha uamue mwenyewe.

Kwanza tujue ubani ni nini, maana wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Ubani ni utomvu wa miti ya jamii iitwayo Boswellia. Miti hii hupenda nchi kavu yenye mawe na jua kali. Iko Oman katika eneo la Dhofar, iko Yemen, Somalia, Ethiopia, Eritrea, Sudan na India. Gome la mti likipasuka au likikatwa, utomvu hutoka kama machozi meupe, ukakauka, ukawa vipande vya rangi ya asali. Mti wa manemane ni binamu yake. Udi, kwa upande mwingine, si ubani hata kidogo, kwa sababu udi ni mti wenyewe unaonukia na hutoka nchi za Asia. Ninalitaja hili kwa kuwa nimesikia hata wanachama wa chama chetu wakiyachanganya majina haya, na ni aibu kwa watu wanaokipenda Kiswahili.

Usidhani ubani ni kitu cha ng'ambo tu. Hapa kwetu Kenya, Boswellia inamea katika nyanda kavu za Isiolo, Samburu, Marsabit, Wajir na Mandera. Akina mama na wachungaji huokota utomvu uliojitokeza wenyewe kwenye nyufa za miti, tofauti na Somalia ambako mti hukatwa kwa makusudi ili utoe machozi. Biashara ya ubani ni ya zamani mno. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya kwanza, kinataja ubani uliopakiwa kwenye bandari za Uarabuni na za pwani ya Somalia. Mwaka 2000, shirika la UNESCO liliiorodhesha nchi ya ubani ya Oman miongoni mwa turathi za dunia. Wakristo nao wanaijua hadithi ya Mamajusi waliomletea mtoto Yesu dhahabu, uvumba na manemane.

Katika utamaduni wetu wa pwani, ubani umekita mizizi hata ndani ya lugha. Nyanya akifukiza nguo za sikukuu, huweka makaa katika chetezo, akatupia chembe mbili tatu za ubani, moshi ukapanda na nyumba nzima ikanukia. Ndugu zetu Wasomali wana chetezo chao wanachokiita dabqaad. Na mtu akifiwa, majirani humpelekea pesa za matanga ambazo pia huitwa ubani. Kwa hivyo neno hili limebeba harufu, ibada na utu kwa pamoja. Mtu anayeuita ubani ushirikina au uchafu hajui anachokisema.

Lakini sasa, wenzangu, tufungue macho. Ubani wa nyanya na mafuta yaliyo ndani ya kichupa si kitu kimoja. Hapo ndipo kosa la wengi linapoanzia.

Mafuta yale hupatikana kwa kukeneka. Utomvu hutiwa ndani ya chombo kikubwa, kisha mvuke wa maji ya moto hupitishwa katikati yake. Mvuke huyabeba mafuta mepesi yanayonukia, na ukipozwa unarudi kuwa maji huku mafuta yakielea juu. Mwalimu wetu wa kemia amekwisha kutuonyesha kukeneka katika maabara, kwa hivyo hili si jambo geni. Sasa piga hesabu. Kilo nzima ya utomvu mara nyingi hutoa chini ya gramu 100 za mafuta. Kwa maneno mengine, nguvu za mzigo mzima zimeminywa ndani ya kichupa. Nyanya alitupia chembe mbili motoni. Wewe ukijimiminia mafuta hayo mkononi, umejipaka sehemu ya mti ambayo nyanya hakupata kuigusa kwa wingi huo maisha yake yote.

Wapo watakaosema, "Mbona wazee walitafuna ubani na hawakufa?" Ni kweli, walitafuna na bado wanatafuna. Kuna aina ya ubani wa Somalia iitwayo maydi ambayo hutafunwa kama chingamu. Lakini kutafuna kipande cha utomvu si kumeza mafuta yaliyokenekwa. Mtu aliyezoea kula muwa hawezi kudai ana haki ya kubugia kilo ya sukari kwa mkupuo mmoja.

Wengine wana neno lao la kujikinga nalo: "Ni kitu cha asili." Neno hili "asili" linapendwa sana na wauzaji. Hebu tujiulize. Mbegu za mbono si za asili? Mtoto akizitafuna zaweza kumuua. Muhogo mchungu si wa asili? Usipotayarishwa vyema una sumu, na mama zetu wanajua kwamba lazima uloekwe au uanikwe ipasavyo kabla ya kupikwa. Asili haina huruma kwa asiye na maarifa. Kitu kuwa cha asili hakutwambii kama ni salama. Kinachotwambia ni kipimo chake, njia ya kukitumia na hali ya anayekitumia.

Tuje sasa kwenye madai ya uponyaji, maana hapa ndipo penye hatari kubwa. Wauzaji wanasema mafuta ya ubani huponya saratani, kisukari, shinikizo la damu, baridi yabisi na usahaulifu. Wahenga hawakukosea waliposema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Dawa inayotibu magonjwa yote ingekuwa tayari imefunga hospitali zote nchini.

Ni haki kusema kwamba wanasayansi wameuchunguza ubani kwa bidii. Ndani ya utomvu mna asidi ziitwazo asidi za bosweli, na watafiti wamezipima ili kuona kama zinapunguza uvimbe wa viungo. Lakini sikiliza vizuri. Asidi hizi ni nzito na hazipandi na mvuke. Wakati wa kukeneka hubaki kwenye masimbi, na mafuta yaliyomo kichupani huwa hayana asidi hizo, au yana kidogo mno. Kwa hivyo muuzaji anapokuonyesha habari za utafiti wa asidi za bosweli ili akuuzie mafuta, anakusifia nyama huku akikuuzia mchuzi usio na nyama.

Kuna utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2008, ambao huenda umewahi kuusikia ukitajwa bwenini. Watafiti walichukua kemikali iitwayo insensole asetati kutoka katika utomvu wa ubani wakawapa panya, na panya wale wakaonyesha dalili za kutulia na kupungukiwa na wasiwasi. Utafiti mzuri kabisa! Lakini panya hao hawakuwa na mtihani wa KCSE, wala hakuna aliyewapa karatasi ya pili ya fizikia. Kutoka kwa panya wa maabara hadi mwanafunzi wa Kidato cha Nne ni safari ndefu, na asiyeimaliza safari asitangaze amefika.

Na msifikiri tabia hii ya kutia chumvi ni ya wachuuzi wetu peke yao. Mwaka 2014, Ebola ilipokuwa ikiwaangamiza watu Afrika Magharibi, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia chakula na dawa iliyaandikia makampuni ya mafuta ya kunukia barua za onyo. Sababu ni kwamba wauzaji wao walikuwa wakitangaza ati mafuta hayo yanaweza kukinga au kutibu Ebola. Fikiria hilo! Watu wanazikwa, na mwingine anauza manukato kama kinga.

Mimi hili silioni kama mchezo, na nitakwambia kwa nini. Muhula wa pili mwaka huu, mwenzetu mmoja mwenye ugonjwa wa pumu aliambiwa na marafiki zake aache dawa yake ya kuvuta, ati inamzoesha mwili, badala yake awe ananusa mafuta ya ubani asubuhi na jioni. Kwa siku tatu alifuata ushauri huo. Usiku wa nne kifua kilimbana, akawa anavuta pumzi kwa sauti kama mlango mbovu, na harufu kali ya mafuta iliyojaa kwenye blanketi lake haikumsaidia hata kidogo. Kiranja wa bweni alikimbia kumwita mama wa bweni, na mama wa bweni akamtafuta nesi. Mwenzetu alipona, tumshukuru Mungu. Waliompa ushauri walikuwa wakimtakia mema, na hilo ndilo linalonitia hofu. Adui akikupa sumu utaikataa. Rafiki akikupa ushauri mbaya kwa upendo, unaupokea kwa mikono miwili.

Je, basi mafuta haya hayana faida yoyote? La hasha! Nimesema tangu mwanzo kwamba sikubaliani na wanaotaka yatupwe. Harufu njema ina kazi yake katika maisha ya binadamu. Mtu aliyechoka akikaa mahali panaponukia vizuri, akavuta pumzi taratibu, akanyamaza kidogo, moyo hutulia. Hiyo ni faida halisi. Wakati wa mitihani kila mmoja wetu anahitaji dakika kumi za kutulia. Kukandwa mabega kwa mafuta ya nazi yenye harufu ya ubani baada ya mechi ya mpira ni raha isiyomdhuru mtu. Raha ni raha, lakini raha isijiite matibabu.

Haya basi, kwa anayetaka kuyatumia, ayatumie vipi? Nimekusanya kanuni chache ambazo mtu yeyote anaweza kuzifuata. Ningeomba zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila bweni.

Kwanza, usiyameze. Usiyatie kwenye chai, uji, maji wala chini ya ulimi. Tone moja halifungui akili ya mtu. Akili hufunguliwa na kitabu. Mtu akiyanywa kwa bahati mbaya, usimtapishe, kwa sababu mafuta mepesi kama haya yanaweza kuteleza yakaingia mapafuni wakati wa kutapika na kuleta madhara makubwa zaidi. Mpeleke kwa nesi au hospitalini mara moja, na ubebe kichupa ili daktari aone ni kitu gani.

Pili, usiyapake ngozini yakiwa peke yake. Yachanganye kwanza na mafuta ya kawaida kama ya nazi, ufuta au alizeti. Kipimo ni rahisi: tone moja la mafuta ya ubani katika kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kawaida. Hiyo ni kama asilimia 1, na inatosha. Kwa mgongo na miguu matone mawili yanaweza kuvumilika, lakini kwa uso usizidishe hilo moja. Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Pili alipaka mafuta matupu juu ya chunusi zake ili ziishe kabla ya siku ya wazazi. Siku ya wazazi ilipofika, mashavu yalikuwa mekundu na yanamchoma kama aliyepakwa pilipili.

Tatu, jaribu kabla ya kutumia. Paka kidogo ya mchanganyiko huo upande wa ndani wa mkono, kisha ungoje siku moja. Ukiwashwa, ukivimba au ukiona upele, osha kwa sabuni na maji, na ujue kwamba mafuta hayo hayakufai. Haraka haraka haina baraka.

Nne, yaweke mbali na macho, ndani ya pua na ndani ya masikio. Yakiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa muda wa dakika 15 hivi, kisha umwone nesi hata kama maumivu yamepungua.

Tano, angalia umri wa mafuta. Yakikaa sana kwenye hewa, joto na mwanga, kemikali zilizomo kama limonini hubadilika na kuwa aina inayoiwasha ngozi kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana kichupa huwa cha rangi nzito. Funga kifuniko vyema, kiweke mahali penye ubaridi na giza, na ukiona harufu imegeuka, usijipake tena.

Sita, kumbuka moto. Mafuta haya hushika moto upesi. Hayafai kuwekwa karibu na mshumaa, taa ya mafuta wala jiko. Nchi yetu imekwisha kuwazika wanafunzi wengi mno kwa sababu ya moto wa mabwenini. Kyanguli mwaka 2001 walikufa wanafunzi 67. Endarasha mwaka 2024 walikufa wavulana 21. Sisemi ubani ulihusika, la. Nasema kwamba baada ya misiba kama hiyo, mwanafunzi anayewasha mshumaa bwenini ili apashe mafuta yake moto amekosa adabu kwa wafu na kwa walio hai.

Saba, na hili ni la wale wanaopenda kufukiza: makaa hayawashwi katika chumba kilichofungwa, abadan. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu huihisi kama usingizi tu, kisha asiamke. Harufu tamu ya ubani inaweza kukufanya udhani hewa ni safi ilhali unakufa polepole. Nyanya alikuwa akifukiza milango ikiwa wazi, na alikuwa na akili kuliko sisi.

Nane, wafikirie wenzako. Bweni ni la watu wengi. Harufu inayokutuliza wewe inaweza kumbana kifua mwenye pumu au kumwamshia mwingine maumivu ya kichwa. Kabla ya kufungua kichupa, uliza. Kuuliza si ujinga. Mkiwa nyumbani, msiwapake watoto wachanga, na mwenye mimba au anayetumia dawa za hospitali amwulize daktari kwanza.

Tisa, ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote: usiache dawa uliyopewa na daktari kwa sababu ya kichupa cha manukato. Mwenye kisukari adunge insulini yake. Mwenye pumu avute dawa yake. Mwenye kifafa ameze vidonge vyake. Baada ya hapo, akitaka kunusa ubani na hali yake inamruhusu, anuse na astarehe.

Kuna jambo moja zaidi ambalo hatulizungumzii tunapomwaga mafuta ovyo. Miti yenyewe inaumia. Mwaka 2019 wanasayansi walichapisha utafiti kuhusu Boswellia papyrifera, mti wa Ethiopia, Eritrea na Sudan. Waligundua kwamba miti mikongwe inakufa na miche haikui, kwa sababu ya moto, mifugo na wadudu, na kwamba utomvu wake ungeweza kupungua kwa nusu katika muda wa miaka 20. Sisi tunatia matone kumi pale ambapo moja lingetosha, na mama wa Isiolo anatembea juani kutwa akiokota machozi ya mti mmoja mmoja. Kutumia kwa kipimo ni afya kwetu, na pia ni heshima kwa mti na kwa yule mama.

Sasa nawageukia walimu wetu wapendwa na utawala kwa jumla. Kwa unyenyekevu mkubwa, ningependa kusema kwamba marufuku peke yake haitafua dafu. Mwanafunzi akinyimwa kichupa mchana, atakificha ndani ya soksi, na akikificha atakitumia gizani ambako hakuna wa kumwonya. Akipata madhara ataogopa kumwendea nesi, kwa sababu kwenda huko ni kujipeleka mwenyewe kwenye adhabu. Je, ile siri itamsaidia nani?

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwenye mafuta ya kunukia ayaandikishe kwa nesi mwanzoni mwa muhula, kama tunavyoandikisha dawa, na biashara ya kuuza kwa tone bwenini ikomeshwe kabisa. Pili, ndani ya bweni lolote lenye mwanafunzi wa pumu mafuta hayo yasifunguliwe. Atakayetaka ayatumie nje, uwanjani kuna hewa ya kutosha. Tatu, Chama cha Kiswahili kishirikiane na wenzetu wa chama cha sayansi, tuwe na alasiri moja ya mjadala na maonyesho. Wao watukenekee utomvu maabarani, sisi tuwaeleze historia ya ubani na mafumbo ya lugha yake. Mtu akiona kwa macho yake jinsi kilo nzima ya utomvu inavyotoa kijimafuta kidogo, hatahitaji kuhubiriwa juu ya matone.

Nanyi wanafunzi wenzangu, tusipewe uhuru tukaugeuza kuwa janga. Ukienda likizoni ukapita Eastleigh kule Nairobi au Marikiti ya Mombasa, ukaona kichupa kinachodaiwa kutibu kila maradhi, muulize muuzaji maswali mawili tu: ni utomvu wa mti gani, na umetoka wapi? Akijua, anajua biashara yake. Akianza kukuhesabia magonjwa badala ya kukujibu, funga mkoba wako, uende zako. Na ukirudi shuleni rafiki yako akakwambia uache dawa ya daktari, mshukuru kwa mapenzi yake, kisha uende kwa nesi.

Najua wapo watakaosema nimekuwa mkali, na wapo watakaosema nimekuwa mlegevu. Nikilaumiwa na pande zote mbili, huenda nimesimama mahali panapofaa. Ubani umeinukisha pwani yetu, misikiti yetu, makanisa yetu na nguo za sikukuu kwa karne nyingi bila kumtaka mtu yeyote aunywe. Tuupe heshima hiyo hiyo. Tuunuse, tuufurahie, tuupime, tusiumeze.

Kwa hayo machache nakunja jamvi. Mwenye hoja tofauti kalamu ni yake, na kurasa za jarida hili ziko wazi mwakani. Kiswahili kitukuzwe!

Mwanachama, Chama cha Kiswahili
Kidato cha Nne